Sorry (neno la Kiingereza)

Sorry ni neno la Kiingereza linalotumika kuonyesha huzuni, huruma au majuto, na pia kuomba radhi. Kisarufi ni kivumishi, lakini katika mazungumzo ya kila siku mara nyingi husimama peke yake kama kihisishi, na hapo ndipo linaposikika zaidi. Limeingia pia katika mazungumzo ya Kiswahili, ambako hutamkwa, na pengine kuandikwa, "sori".

Ugumu wa neno hili kwa msemaji wa Kiswahili hauko katika matamshi wala tahajia. Uko katika kwamba linabeba kwa pamoja mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga: kumpa pole mtu aliyepatwa na jambo, na kumwomba samahani mtu aliyekosewa. Anayesema "sorry" anaweza kuwa anafanya la kwanza, la pili, au yote mawili kwa mkupuo. Kuna wanaolichagua neno hili, na wengine wanaolikwepa, kwa sababu hiyohiyo.

Asili

Neno limetoka katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa Uingereza tangu karne ya 5 hivi hadi karne ya 11. Wakati huo lilikuwa "sarig", irabu ya kwanza ikivutwa, na maana yake ilikuwa "mwenye uchungu" au "mwenye huzuni". Liliundwa kutokana na nomino "sar", yaani maumivu au kidonda, pamoja na kiambishi tamati "-ig". Kiambishi hicho ndicho ambacho katika Kiingereza cha leo huandikwa "-y" na kugeuza nomino kuwa kivumishi, kama vile neno la mvua, "rain", linavyozaa "rainy", yaani "-enye mvua". Kwa hiyo mtu aliyekuwa "sarig" alikuwa kwa asili mtu mwenye maumivu. Kosa halikuwamo katika maana ya mwanzo.

Nomino "sar" haikufa. Baada ya muda irabu "a" ndefu ya Kiingereza cha Kale ilibadilika kuwa "o" katika maneno mengi: "stan", jiwe, likawa "stone", na "ham", makao, likawa "home". Kwa njia hiyohiyo "sar" likawa "sore", ambalo hadi leo humaanisha kidonda au kitu kinachouma. Mwenye koo linalouma husema ana "sore throat". Katika "sorry" irabu hiyo ilifupishwa baadaye, na ndiyo maana maneno haya mawili ya ukoo mmoja hayafanani sana masikioni.

Ndugu wa neno hili wako pia katika lugha nyingine za Kigermaniki. Kwa Kiswidi "sår" ni kidonda. Kwa Kiholanzi "zeer" ni maumivu, na pia ni "sana". Kwa Kijerumani "sehr" imebaki na maana ya "sana" tu, ingawa zamani ilikuwa "kwa maumivu". Mabadiliko ya aina hiyo si mageni kwa Mswahili, ambaye naye husema kijana anampenda mchumba wake "vibaya", akimaanisha anampenda mno. Hata Kifini, ambacho si lugha ya Kigermaniki, kilikopa neno hili zamani sana kutoka kwa majirani: mgonjwa kwa Kifini ni "sairas".

Linalowashangaza wengi ni kwamba "sorry" si ndugu wa "sorrow", neno lingine la Kiingereza lenye maana ya huzuni. "Sorrow" limetoka katika "sorg" ya Kiingereza cha Kale, na ndugu yake wa Kijerumani ni "Sorge", yaani wasiwasi au hangaiko. Mizizi yao ni miwili tofauti. Kufanana kwa sauti na kukaribiana kwa maana kumeyavuta pamoja kwa karne nyingi, mpaka msemaji wa kawaida wa Kiingereza huyadhani kuwa neno moja lenye sura mbili. Tofauti hiyo ina uzito wake katika siasa, kama itakavyoonekana hapa chini.

Maana na matumizi

Maana ya kale, ya kuwa na huzuni, bado ipo. Mtu akisikia habari mbaya husema "I'm sorry to hear that", yaani amesikitika kusikia hivyo. Karibu nayo ni maana ya huruma: "to feel sorry for" mtu ni kumhurumia. Si kila anayehurumiwa hivyo hufurahi, kwa kuwa ndani yake mna dokezo la kumtazama mtu kutoka juu.

Tangu karne ya 13 neno limekuwa pia na maana ya "duni" au "ya kusikitisha". Hapo hutangulia nomino: nyumba iliyobomoka iko katika "a sorry state". William Shakespeare alilitumia kwa maana hii katika tamthilia ya Macbeth, pale muuaji anapoitazama mikono yake yenye damu. Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili kwa jina la Makbeth.

Matumizi ya kuomba radhi yalikua juu ya maana ya huzuni. Mtu aliyemkosea mwenzake alisema kwamba ana uchungu kwa alilolitenda, na kusema hivyo kukawa ndiyo njia ya kuomba radhi. Baadaye maneno "I am" yakadondoshwa, na tangu karne ya 19 "sorry" imesikika ikisimama peke yake. Kadiri ilivyofupishwa ndivyo ilivyozidi kuwa nyepesi. Mwingereza wa leo husema "sorry" anapogusana bega na mtu dukani, hata kama aliyegonga ni yule mwingine.

Kutokana na wepesi huo yamezuka matumizi ambayo hayana huzuni wala kosa. Likitamkwa kwa sauti inayopanda mwishoni, hasa Uingereza, ni ombi la kurudiwa, pale ambapo Mswahili angeuliza "Unasemaje?" Msemaji aliyeteleza ulimi hulitumia kujisahihisha: tarehe 5, "sorry", tarehe 6. Hutumika pia kukataa kwa adabu. Barua ya kumnyima mtu kazi huanza kwa kusema kampuni iko "sorry" kumjulisha, na Kiswahili cha ofisini kina kauli yake iliyozoeleka, "tunasikitika kukujulisha". Msemo wa "better safe than sorry", unaomwonya mtu achukue tahadhari asije akajuta, hukaribiana na "kinga ni bora kuliko tiba".

Wanafunzi hukosea zaidi katika neno linalofuata. Baada ya "sorry for" huja nomino au kitenzi chenye "-ing". Kwa hiyo "sorry for late", inayosikika sana madarasani, si sahihi. Sahihi ni "sorry for being late", au kwa urahisi zaidi "sorry I'm late". "Sorry about" hutumika kwa jambo lililotokea. "Sorry to" hufuatwa na kitenzi, na mara nyingi huhusu jambo linalofanyika wakati huohuo, kama "sorry to disturb you", yaani samahani kwa kukusumbua.

Matamshi nayo hutofautiana. Uingereza "o" ni fupi. Marekani wengi huielekeza kwenye "a". Kanada husikika kama ile ya "sore". Wakanada, ambao hutaniwa kwa kuomba radhi kupita kiasi, wanalitamka kwa namna inayofanana na jamaa yake wa zamani, ijapokuwa hilo limetokea kwa bahati tu.

Sorry, pole na samahani

Kiswahili hakina neno moja linalolingana na "sorry". Kina maneno kadhaa, na kila moja lina kazi yake.

"Pole" ni ya mtu aliyepatwa na jambo. Huambiwa mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa, aliyeibiwa, na hata asiyepatwa na baya lolote ila amechoka: "pole na kazi", "pole na safari". Neno lina undugu na "polepole" na kitenzi "poa", yaani kuwa baridi, kutulia au kupona. Anayeambiwa pole hujibu "asante", au "nimeshapoa", jibu linaloutumia mzizi uleule. Anayetoa pole hakiri kosa lolote. Anashiriki tu mzigo wa mwenzake.

"Samahani" ni ya aliyekosa, au anayetaka kumkatiza mtu au kumpita. Imetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya "nisamehe", na kitenzi "samehe" ni cha mzizi huohuo. "Niwie radhi" ni nzito zaidi. Radhi, pia kutoka Kiarabu, ni ile hali ya moyo kuridhika, na anayeiomba anamtaka mwenzake awe tena na moyo mweupe kwake. "Naomba msamaha" ndiyo kauli rasmi, inayofaa kosa kubwa.

Kuna tofauti hapa ambayo kamusi nyingi hazina nafasi ya kuieleza. "Sorry" ni kivumishi, nacho humwelezea msemaji: nina uchungu, basi. Halimwombi msikilizaji kitu. "Nisamehe" ni kitenzi kinachomwelekea mtu wa pili, na hubaki kinangoja jibu. Mwenye kuombwa msamaha anaweza kukubali au kukataa, wakati mwenye kuambiwa "sorry" anaweza kunyamaza tu na mambo yakaendelea.

Wasemaji wa Kiingereza Afrika Mashariki wameipa "sorry" kazi yote ya "pole". Mtu akidondosha vitabu vyake, aliye kando humwambia "sorry", kama ambavyo kwa Kiswahili angemwambia pole. Matumizi hayohayo yapo katika Kiingereza cha Nigeria na Ghana. Mgeni kutoka Uingereza au Marekani mara nyingi hushangaa na kujibu kwamba si kosa la msemaji, naye msemaji hushangaa kwa nini mtu aanze kuzungumzia kosa. Matumizi haya wengine huyaita Kiingereza kibovu, lakini yana hoja yake: yako karibu na "sarig" ya kale kuliko yale ya London.

Hata hivyo hayawezi kuvukishwa yote. "Pole na kazi" ikifanywa "sorry for work", Mwingereza atadhani kazi yake imeonekana ni balaa. Na tafsiri zinazokuja upande huu huharibika zaidi. Kauli ya kumfariji mfiwa, "I'm sorry for your loss", huonekana katika tafsiri za filamu na za kompyuta ikiwa "samahani kwa hasara yako", maneno ambayo msibani yangemfanya msemaji aonekane ndiye aliyeua. Kiswahili ni "pole kwa msiba" au "poleni na msiba", wafiwa wakiwa wengi.

Mpaka kati ya pole na samahani nao si ukuta. Aliyemkanyaga mwenzake ndani ya daladala au matatu anaweza kusema "samahani", "pole", au yote mawili, kwa sababu amekosa na pia mwenzake ameumia. "Sori" ya Kiswahili hupenda kuingia hapohapo, katika makosa madogo kati ya watu wa rika moja. Kumwambia mzee "sori" kwa jambo zito huonekana ni utovu wa adabu.

Katika sheria

Kwa kuwa "sorry" inaweza kusikika kama kukiri kosa, mawakili na kampuni za bima katika nchi zinazosema Kiingereza kwa miaka mingi wamewaonya wateja wao wasiitamke baada ya ajali. Madaktari nao walijikuta wakishindwa kumfariji mgonjwa aliyedhurika kwa kuogopa kushtakiwa. Ili kuondoa hofu hiyo sehemu kadhaa zilitunga sheria. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitangulia mwaka 1986. Uingereza iliweka katika sheria yake ya fidia ya mwaka 2006 kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Mwaka huohuo jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitunga sheria mahsusi kuhusu kuomba radhi, na Ontario ikafuata mwaka 2009. Bunge zima, kwa maneno mengine, lilikaa kuamua kama neno moja ni pole au ni samahani.

Katika siasa na historia

Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya jeshi la Marekani, yenye watu 24, iligongana na ndege ya kivita ya China na kutua kwenye kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, alipoteza maisha. China iliwashikilia Wamarekani hao na kutaka Marekani iombe radhi. Marekani ilisema haikuwa na kosa la kuombea radhi. Tarehe 11 Aprili balozi wa Marekani Joseph Prueher aliandika barua iliyotamka "very sorry" mara mbili: kwa kifo cha rubani, na kwa ndege kuingia na kutua bila ruhusa. Beijing iliwatangazia wananchi wake kwamba Marekani imeomba radhi. Washington ilisema imeonyesha masikitiko tu. Kila upande ulisoma maana iliyoufaa, na watu 24 wakarudi kwao. Vyombo vya habari viliiita barua ya "sorry" mbili.

Australia neno hili lilisumbua siasa za nchi kwa zaidi ya muongo mmoja. Ripoti iitwayo Bringing Them Home, iliyofikishwa bungeni tarehe 26 Mei 1997, ilieleza jinsi watoto wa wenyeji wa asili walivyochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao kwa miongo mingi ya karne ya 20. Tangu mwaka uliofuata tarehe hiyo huadhimishwa kama Siku ya Kitaifa ya Sorry. Lakini Waziri Mkuu John Howard hakutaka serikali ilitamke neno lenyewe, akishikilia kwamba kizazi cha sasa hakiwezi kubebeshwa makosa ya waliopita. Azimio lake la mwaka 1999 lilizungumzia majuto ya dhati. Mwezi Mei 2000 maelfu kwa maelfu ya watu waliandamana kuvuka daraja la bandari ya Sydney, na juu yao ndege ikaandika "Sorry" angani kwa moshi. Neno lilitamkwa rasmi bungeni tarehe 13 Februari 2008 na waziri mkuu mwingine, Kevin Rudd. Kwa wenyeji hao wa asili lina uzito wa pekee, kwani katika Kiingereza chao "sorry business" ni shughuli za msiba na maombolezo.

Afrika Mashariki nayo imelisubiri neno hili. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, aliliambia bunge la nchi yake kwamba serikali inakiri kuwa Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, na kwamba inajuta kwa dhati. Wadai 5,228 walitengewa pauni milioni 19.9. Hata hivyo Hague alisisitiza kwamba serikali bado haikubali kuwajibika kisheria, na neno alilolichagua lilikuwa la majuto, "regret".

Miaka kumi baadaye Mfalme Charles III alizuru Kenya. Katika dhifa ya Ikulu ya Nairobi tarehe 31 Oktoba 2023 alisema kwamba ukatili uliotendwa hauna kisingizio, na kwamba maovu ya zamani yanamtia huzuni kubwa na majuto makubwa. Maneno aliyoyatumia yalikuwa "sorrow" na "regret". Wengi waliosikia "sorrow" walidhani wamesikia jamaa wa "sorry", lakini kwa asili na kwa kazi si neno lile: linataja huzuni bila kusema kosa ni la nani. Wakenya waliokuwa wakidai kuombwa radhi rasmi waliiona tofauti hiyo mara moja.

Kesho yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania, kwenye makumbusho ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Yeye aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu waliokuwa mbele yake. Kauli yake ilikuwa ya kuomba, na iliingia katika Kiswahili bila kuhitaji maelezo. Aliahidi pia kwamba Ujerumani itashiriki katika kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, ambalo ukoo wake unaamini lilipelekwa Ujerumani.